Leseni ya Masharti

Gari lilifika nyumbani kwa fundi cherehani likiendeshwa na dada yake mkubwa, na dada yake alipoondoka aliondoka kwa miguu. Alikuwa amepata kazi ng'ambo, safari yenyewe ilikuwa kesho yake, na hakuwa na moyo wa kumuuzia mtu baki gari alilolizoea kama kiatu. Akamwekea mdogo wake ufunguo kiganjani, akamfumba vidole kama anavyofumbwa mtoto aliyepewa peremende, akasema, "Sikuachii gari la kufunikia turubai. Liendesheni."

Tatizo ni kwamba katika nyumba ile hakukuwa na mtu aliyewahi kushika usukani. Fundi alikuwa na miguu yake, na mzigo ukizidi alikuwa na kijana wa pikipiki. Mkewe, muuguzi wa wodi ya wanaume, alipoulizwa kama angependa kujifunza alijibu kwamba yeye anaendeshwa na wagonjwa kutwa nzima, na akirudi nyumbani anataka kukalia kitu kisichotembea. Akabaki binti yao wa pekee, ambaye alikuwa ndiyo kwanza amefikisha umri ambao sheria inamruhusu kijana kuanza kujifunza. Fundi alimwita "mama", kwa kuwa alirithi jina la bibi yake mzaa baba. Mkewe alimwita "mama mkwe" kila alipotaka kumtuma jikoni.

Basi baba na binti wakajiandikisha pamoja kwenye shule ya udereva iliyoko nyuma ya kituo cha mafuta. Mwalimu wao alikuwa mwembamba, shati limechomekewa vizuri, na wanafunzi walimpachika jina la Breki kwa kuwa hilo ndilo neno lililomtoka mdomoni kuliko mengine yote. Gari lake la kufundishia lilikuwa na breki ya pili chini ya miguu yake, na alivyokuwa akiikanyaga ungedhani anaua nge.

Binti alishika haraka. Alikuwa na kichwa kitulivu na macho yanayotazama mbali, na hakuwa na papara. Baba yake ndiye aliyekuwa kazi. Miguu yake ilikuwa imeishi miaka mingi juu ya pedali ya cherehani, vidole mbele kisigino nyuma, na haikujua mwendo mwingine. Akikanyaga klachi aliitikisa. Gari likawa linarukaruka barabarani, na Breki amejishikilia dirishani.

"Mzee, hii si cherehani. Kanyaga, halafu achia polepole, basi."

"Si ndicho ninachofanya?"

"Unachofanya ni kushona lami."

Binti, aliyekaa kiti cha nyuma, aligeukia dirishani ili baba asimwone anavyocheka. Lakini fundi alimwona kwenye kioo, na yeye mwenyewe kicheko kikamponyoka, gari likazimika katikati ya makutano. Zilikuwa siku nzuri zile. Baadaye alikuja kuzikumbuka hivyo.

Jioni, kabla ya kufunga kibanda cha ushonaji, binti alikuwa akimsomea kitabu cha sheria za barabarani wakati yeye anakata vitambaa. Alama fundi alizishika upesi, maana rangi na maumbo ndiyo kazi yake. Vifungu virefu ndivyo vilivyompita pembeni. Siku moja binti alisoma, "Dereva aliye chini ya miaka kumi na minane atapewa leseni ya masharti. Haruhusiwi kuendesha usiku. Haruhusiwi kupakia zaidi ya kijana mwenzake mmoja. Na wakati wote kiti cha mbele cha abiria kikaliwe na mtu mzima mwenye leseni kamili."

Fundi, pini zikiwa katikati ya midomo, alisema, "Hilo jepesi. Mtu mzima ni mimi."

Siku ya mtihani binti alifaulu. Baba yake alianza vizuri, akapandisha mlima bila kurudi nyuma, akapita makutano, lakini alipoambiwa aingize gari kinyumenyume kati ya vigingi, mguu ukakumbuka mambo yake ya zamani. Kigingi kimoja kilianguka, cha pili kikaingia uvunguni. Mtahini alishuka, akakivuta, akakisimamisha, akamwambia kwa upole kabisa, "Utajaribu tena, mzee. Wengi wanarudia."

Ule upole ndio uliomuuma. Angefokewa, angepata pa kukasirikia.

Alimpongeza binti yake mbele ya watu, akampigia simu shangazi mtu huko ng'ambo, na kila mteja aliyekuja kupimwa alipewa habari pamoja na vipimo. "Binti yangu ni dereva sasa." Alipoulizwa na yeye je, alisema, "Karatasi zangu zinashughulikiwa." Baada ya muda akaenda kurudia mtihani kimyakimya. Hakumwambia mtu. Lakini aliporudi alikaa akaanza kufumua pindo la suruali ambalo halikuwa na kasoro yoyote, na binti, aliyekuwa anapiga pasi, alitazama ule mkono unavyovuta uzi akajua. Akaendelea kupiga pasi.

Ikawa hivi: katika nyumba ile leseni ilikuwa moja, na mwenye nayo hakuruhusiwa kuendesha peke yake. Gari lilikaa uani likipata vumbi. Jumapili moja moja Breki, kwa wema wake tu, alikuja akakaa kiti cha mbele ili mwanafunzi wake asisahau, wakazunguka mitaa wakarudi. Fundi alisimama getini, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, mpaka gari likate kona. Aliona wivu, halafu akaona aibu kwamba ameona wivu, na hivyo viwili vikimkaa kifuani pamoja havikumpa nafasi ya kupumua vizuri.

Shule zilipokaribia kufunguliwa alipata kazi kubwa ya sare, sketi na kaptula na mashati, za shule iliyoko upande wa pili wa mji. Alishona mpaka mgongo ukagoma. Asubuhi ya kupeleka mzigo, kijana wa pikipiki alipiga simu kwamba injini imekufa na anaye makanika hapo lakini hawajaelewana hata ugonjwa ni nini. Hapohapo akapiga mwalimu mkuu. Watoto walikuwa wamepangwa mstari, wapya hawana cha kuvaa, na wazazi wako getini.

Fundi aliyatazama yale mafurushi manne. Akatazama gari. Akamtazama binti yake, aliyekuwa anafunga kamba furushi la mwisho.

"Mama, lete ufunguo."

Binti alisimamisha mikono. "Nani ataendesha?"

"Wewe. Kwani leseni si unayo?"

"Lazima kuwe na mtu mzima, baba."

"Na mimi ni nini?"

"Mtu mzima mwenye leseni."

Aliyasema kwa adabu, tena kwa sauti ya chini, lakini yaliingia pale pale palipokuwa na kidonda. Fundi alisikia masikio yanapata moto.

"Tumuite mwalimu Breki," binti akasema. "Au dereva wa teksi pale kituoni."

"Mpaka waje, watoto wa watu wamekaa uchi? Unaendesha vizuri, mimi niko pembeni yako, mchana kweupe. Hakuna atakayekula nyama yetu."

"Baba, sheria..."

"Mimi ndiye baba yako. Nikisema twende, tunakwenda."

Sauti ile hakuwa ameitumia tangu binti alipokuwa mdogo anataka kuchezea mkasi. Binti alimtazama kidogo, akaingia ndani, akarudi na ufunguo.

Aliendesha bila kosa. Hilo fundi alilikubali tangu siku ile mpaka leo. Alitazama vioo, aliwasha taa kabla ya kila kona, alimpisha mama mwenye kigari cha mtoto ambaye hata hakuwa ameamua kama anavuka. Fundi alianza kulegea. Alianza hata kufurahia, mkono umetoka dirishani, akifikiri kwamba laiti watu wa mtaani wangemwona. Walipotoka kwenye mzunguko mkubwa, askari wa barabarani, mwanamke mnene mwenye miwani myeusi, aliinua mkono akawaelekeza pembeni. Hawakuwa wamekosa lolote. Alikuwa anasimamisha kila gari lenye kibandiko chekundu cha dereva kijana.

"Shikamoo," binti alisema, akamkabidhi leseni.

"Marahaba. Umeendesha vizuri, nimekuona kwenye mzunguko." Aliisoma leseni, akainama kumwangalia aliyekaa upande wa pili. "Na msimamizi wako? Leseni, mzee."

Fundi alijipapasa mfuko wa shati. Akajipapasa suruali. Mikono ilikuwa inatafuta kitu ambacho akili inajua hakipo.

"Nimeisahau nyumbani," alisema. "Haraka ya asubuhi. Si unaona mzigo huu, sare za watoto."

Askari aliyatazama mafurushi. Alivua miwani, na macho yake yakapita juu ya kichwa cha fundi yakatua kwa binti.

"Ni kweli, binti? Ameisahau?"

Gari lilikuwa linanguruma taratibu. Binti alizima injini. Fundi alimtazama pembeni ya uso, akamwona anameza mate, na ndipo alipoelewa amemtupia mwanawe nini. Alikuwa bado ana muda wa kusema. Ulimi ulikuwa hapo. Haukunyanyuka.

"Baba hana leseni," binti alisema.

Askari alishusha pumzi, kama mtu aliyetarajia jibu hilo na alitamani asilisikie. Leseni ya binti ikachukuliwa. Gari likaachwa pale pale kando ya barabara mpaka aje mtu wa kuliondoa kihalali. Baba na binti wakabeba mafurushi, mawili mawili, wakatembea mpaka shuleni. Watoto walivaa, mwalimu mkuu alishukuru, fundi akaitikia na hakusikia alichoambiwa. Breki ndiye aliyefuata gari jioni. Alitazama nyuso zao akaomba ufunguo tu.

Leseni ya binti ilisimamishwa miezi sita.

Siku za kwanza fundi alikasirika, na hasira ile ilimfaa maana ilimkinga na mambo mengine. Alimwambia mkewe chumbani, "Amenivua nguo mbele ya askari."

Mkewe alikuwa anavua viatu vya kazini. Alikuwa na desturi ya kukaa kitambo miguu ikiwa juu ya sakafu baridi kabla ya kujibu lolote. "Alikuvua nguo gani? Umesema uongo ukamwachia mtoto aumalizie."

"Angenyamaza tu."

"Kunyamaza kungekuwa ndio uongo wenyewe. Ulitaka awe mwongo ili wewe uwe mzee wa heshima." Hakupandisha sauti. "Na kwa taarifa yako, miezi sita kaipata yeye. Wewe umepata nini?"

Fundi hakuwa amepata kitu.

Binti naye hakumnunia. Afadhali angenuna. Alimwamkia asubuhi, alimwekea chai, alikuja kibandani baada ya masomo akapiga pasi kama kawaida. Ila hakumsomea tena chochote, na akiongea naye aliongea kama anavyoongea na mteja, vizuri na kwa kifupi. Siku moja mteja mmoja, baba wa watu asiyejua kilichotokea, aliuliza, "Na dereva wetu hajambo?" Binti alitabasamu akasema, "Nimepumzika kidogo." Akarudi kwenye pasi. Fundi aliona shingo yake ilivyoinama, akaweka mkasi chini. Jioni ile hakukata tena kitambaa.

Kesho yake alimwambia, "Mama, vaa. Tunakwenda ofisi ya leseni."

"Kufanya nini?"

"Utasikia huko."

Ofisi ilikuwa na viti vya plastiki na feni iliyozunguka bila kuleta upepo. Walisubiri mpaka zamu yao ilipofika. Afisa aliyewapokea alikuwa mtu wa makamo mwenye mafua, leso mkononi, na alikwisha kusikia visingizio vya kila aina kabla ya saa nne asubuhi.

"Nimekuja kwa ajili ya kosa la binti huyu," fundi alisema. "Si lake."

"Aliyeshika usukani ni nani?"

"Yeye. Lakini alikataa. Alinitajia sheria kama ilivyo kitabuni, akanitajia na watu wa kuwaita. Mimi nikamtumia ubaba. Halafu askari aliponiuliza nikadanganya, nikasema nimesahau leseni ambayo sijawahi kuwa nayo. Nimefeli mtihani mara mbili." Hapo alikohoa kidogo. "Aliyesema kweli siku ile ni yeye peke yake, na ndiye aliyeadhibiwa peke yake. Naomba mniandikie mimi."

Afisa alipenga kamasi taratibu, akikunja leso upande mkavu. "Unajua ukisema hivyo kuna makosa mawili hapo? Kumruhusu kijana kuendesha kinyume cha masharti, na kumdanganya askari kazini. Hutaruhusiwa kufanya mtihani mpaka mwakani."

"Sawa."

"Umekuja na hamu ya adhabu wewe." Akamgeukia binti. "Alikulazimisha?"

Fundi alitazama mikono yake. Ilikuwa mara ya pili binti anaulizwa habari za baba yake mbele ya baba yake, na safari hii hakutaka kumwona akimeza mate.

"Aliniambia twende," binti alisema. "Nilikataa mara ya kwanza. Ningeweza kukataa tena, nikaweka ufunguo mezani. Sikuweka. Nilikuwa nataka na mimi kuendesha."

Fundi aligeuka akamtazama. Hilo hakuwa amelijua.

Afisa aliwaangalia wote wawili, akavuta karatasi, akaandika kwa muda mrefu. Mwishowe alisema kwamba adhabu ya binti itapunguzwa iwe mwezi mmoja, ambao karibu umekwisha, pamoja na onyo. Ya baba ilibaki kama alivyoitaja. Alipowarudishia vitambulisho alimwambia binti, "Siku nyingine weka ufunguo mezani." Akapiga chafya.

Nje walikaa kwenye ukuta mfupi wakisubiri jua lipungue. Muuza maji alipita, fundi akanunua chupa moja wakapokezana.

"Baba," binti alisema akimrudishia chupa, "ungeniambia tu kwamba umefeli tena. Mimi nilijua."

"Ulijua vipi?"

"Ulifumua pindo zima."

Fundi alicheka, kicheko cha puani. "Unajua, hapa mjini nimevalisha watu. Maharusi, mahakimu, mpaka wachungaji. Halafu nashindwa na kigingi cha plastiki. Nikaona wewe kitoto changu umepita, na mimi natazama gari likienda na Breki. Roho ikawa ndogo. Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe," alisema. Kisha, kwa kuwa alikuwa mkweli hata pale ambapo hakuombwa, akaongeza, "Ila ile siku uliniumiza sana."

"Najua."

Nyumbani waliikuta hesabu ngumu. Leseni ya binti ingerudi, lakini mtu mzima wa kukaa naye hayupo mpaka mwakani, na hata huo mwaka hauna uhakika kwa miguu ya fundi. Mkewe aliwasikiliza wanavyolizungusha jambo hilo mezani, mara Breki, mara jirani, mara wampigie shangazi. Akasukuma sahani yake.

"Nitajifunza mimi," alisema.

"Wewe?" fundi alisema. "Si ulitaka kitu kisichotembea?"

"Nilitaka. Lakini nikiwategemea ninyi wawili, gari litaota uyoga."

Akaenda kwa Breki katikati ya zamu zake, akiwa bado na sare ya kazi. Mtu aliyezoea kutafuta mshipa kwenye mkono wa mgonjwa anayetapatapa hakuona shida kutafuta gia. Breki alikuja kusimulia kwamba mama yule alikuwa akimwambia "tulia" yeye mwalimu. Alifaulu mara ya kwanza, akaleta leseni kamili, akaiweka juu ya friji kama risiti ya maji.

Asubuhi ya safari yao ya kwanza wakiwa watatu, binti alikaa kwenye usukani, mama yake kiti cha mbele, na fundi nyuma pamoja na furushi la mashati ya wafanyakazi wa hoteli. Hakuna aliyemuuliza maoni. Mkewe hakuwa msemaji barabarani. Alisema "vizuri" mara moja, kwenye mzunguko, na fundi aliona mabega ya binti yakishuka kwa faraja. Walifikisha mashati, wakageuza, wakaja mpaka mbele ya kibanda. Binti aliegesha kwa uangalifu, magurudumu sambamba na ukingo wa barabara.

"Haya, sasa umpeleke mama kazini," fundi alisema.

Wanawake wale wawili walitazamana.

"Nikimshusha, nitarudije?" binti aliuliza. "Nani atakuwa mtu mzima?"

Fundi alianza kutafuta ufunguo wa kibanda mfukoni.

Mkewe alikwisha kushuka. Alizunguka mbele ya gari, akamfungulia binti mlango, akakaa yeye, akasogeza kiti mbele kidogo na kurekebisha vioo kimoja kimoja. "Zamu yangu inaisha jioni," alisema kupitia dirishani. "Pikeni."

Akawasha taa ya kuashiria, akatazama nyuma, akaingia barabarani. Baba na binti walisimama wakilitazama gari lao linavyopotea kati ya magari ya watu. Kisha fundi alifungua makufuli ya kibanda, na binti akaingia kuchomeka pasi.